Jinsi Mkate Ulivyozaa Muziki

Bwana Mhariri ameniandikia barua akiniomba habari za kuwafaa vijana walio shuleni sasa. Nimesoma matoleo yaliyopita, nikaona wenzangu niliokaa nao dawati moja wameandika habari za vyeo vyao na safari zao za ng'ambo, na mmoja ameandika kurasa mbili juu ya trekta lake. Mimi sina cheo wala trekta. Nilicho nacho ni uongo mmoja, nilioutunga kwa kinywa changu mwenyewe katika mji wa Gisenyi, nchi ya Rwanda, mwaka 2018. Na kwa kuwa uongo huo ulinifundisha kuliko kweli nyingi, nimeona niulete hadharani. Waliosoma nami hawatashangaa. Watakumbuka kwamba bwenini mimi ndiye niliyewaaminisha watoto wa Kidato cha Kwanza kwamba kengele ya shule ilikuwa na mke, na kwamba ililia asubuhi kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani.

Kwanza niwaeleze mahali penyewe. Gisenyi ni mji ulio ufukoni mwa Ziwa Kivu, katika wilaya ya Rubavu. Umeshikana na Goma, mji wa Kongo, hata mgeni hawezi kujua mmoja wakoma wapi na wa pili waanzia wapi, isipokuwa kwa kuwaona askari. Pana mahali pa kuvukia paitwapo Petite Barrière, na hapo makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka kwa siku moja kwa miguu, wengi wao akina mama wenye mizigo kichwani: viazi, vitunguu, mayai, maziwa na mikate. Usiku ukitazama kaskazini uliona kilele cha mlima Nyiragongo kimekuwa chekundu kama tanuri lililosahauliwa. Mimi nalikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo forodhani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kungoja, na mtu angojaye sana huwa msemaji sana.

Nilipanga chumba katika mtaa wa Mbugangari, nyuma ya tanuri la mwoka mikate mmoja. Nitamwita Mzee tu, kwani ndivyo sote tulivyomwita. Tanuri lake lilikuwa la matofali, likiwashwa kwa kuni za mikaratusi. Saa tisa ya usiku vijana wake walianza kukanda unga, na alfajiri, kabla mpaka haujafunguka vizuri, akina mama wa kutoka Goma na wa kwetu walikuwa wamekwisha panga mstari kungoja mikate ya kuvusha. Sikuhitaji saa ya kuniamsha. Niliamshwa na harufu, na harufu ya mkate mpya haimwamshi mtu peke yake, humwamsha pamoja na dhambi zake zote za ulafi.

Mzee alikuwa na mjukuu aliyekuwa mwaka wa pili wa sekondari, kijana mwembamba mwenye maswali mengi. Mwaka uliotangulia Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, naye kijana akaazimia kukijua Kiswahili sanifu, si kile cha sokoni alichozaliwa nacho. Mzee aliposikia kwamba mimi ni mtu wa Kigoma, akafanya mapatano nami: nimfundishe mjukuu wake jioni, nami nipate mkate mmoja wa moto kila asubuhi. Tangu siku ile kijana akaniita Mwalimu. Sijawahi kuitwa hivyo na mtu ye yote kabla wala baada, nami nakiri kwamba jina hilo lilinivimbisha kama hamira.

Basi, katika likizo ya mwezi wa Julai, kijana alikuja na kazi aliyopewa shuleni: insha ya Kiswahili juu ya asili ya muziki wa kwao. Alinikuta siku mbaya. Lori langu moja lilikuwa limekwama siku tisa kwa kukosa mhuri mmoja, na kila mtu mwenye mhuri alikuwa amenielekeza kwa mwingine. Nilikuwa nimechoka, nimeudhika, na mkononi nalikuwa na kipande cha mkate. Kijana akauliza, "Mwalimu, muziki wa huku ulitoka wapi?" Nikautazama mkono wangu. "Ulitoka kwenye mkate," nikasema. "Andika."

Akaandika, ncha ya ulimi nje, kama karani wa mfalme. Na haya ndiyo niliyomwambia.

Hapo kale dunia ilikuwa kimya. Ndege walikuwako, lakini walinong'ona. Siku moja mwokaji wa Gisenyi akasahau mkate tanurini siku tatu, kwa kuwa alikwenda kuamua ugomvi wa mashemeji zake. Aliporudi akaukuta mkate umekuwa mgumu, hata jino halipiti. Akaupiga kwa mpini wa koleo auvunje, usivunjike, ukalia ndu! Akaupiga ubavuni, ukalia ti! Majirani wakaja mbio wakidhani ni mgeni abishaye hodi, wakamkuta mwokaji anacheza peke yake. Hiyo ndiyo ngoma ya kwanza. Na ndiyo sababu hata leo ngoma huotewa moto kabla ya kupigwa: yakumbuka kwao, tanurini.

Mke wa mwokaji alipoona mkate ule unapendwa kuliko yeye, akaufungia kabatini. Panya akatoboa tundu la mviringo katikati ya tumbo lake, akala yote ya ndani, akaacha ganda. Mwokaji akalifunga ganda kwa nyuzi sita za gunia la unga lisisambaratike. Upepo wa ziwa ukapita juu ya nyuzi zile, zikalia. Hilo ndilo gitaa la kwanza. Ndiyo maana gitaa lina tundu, na ndiyo maana wapiga gitaa wengi hawana kitu tumboni.

Kisha zikaja sauti saba za muziki, ambazo wageni walizichukua wakajidai ni zao. Lakini kila mtu wa mtaani aweza kuzieleza. Do ni donge la unga. Re ni "Rejesha sinia langu!" Mi ni mikate. Fa ni faida. So ni soko. La ni "La! Leo hakuna kukopa!" Na Si ni jibu la mteja: "Si unanijua?" Ukiziimba zote kwa mfuatano umekwisha eleza biashara ya mkate tangu alfajiri hata jioni.

Rumba nayo ilizaliwa mpakani. Akina mama wenye masinia kichwani hawana budi kutuliza kichwa na kuyumbisha kiuno. Huo ndio mwendo wake. Wakifika kizuizini askari husema "Simama!" nao husimama, ndiyo maana wimbo una mahali pa kutua. Akisema "Piteni!" hukimbia wote pamoja kabla hajabadili nia, na zile mbio, magitaa yakifukuzana, ndizo ziitwazo sebene. Wavuvi wa Kivu huimba jioni wakitoka kwenda ziwani ili mwokaji asikie, awawekee mikate yao. Kiwanda cha bia cha Gisenyi, kilichoanzishwa mwaka 1957, ni binamu wa mkate kwa upande wa hamira, na ndiyo sababu bia nayo huwaimbisha watu, ingawa si vizuri sana.

Mwisho nikafika Ulaya. Wafaransa waliposikia habari hizi, nikasema, walioka mkate mrefu mwembamba, wakampa mtu mmoja asimame mbele ya wapiga fidla aupungepunge. Wapigaji wote humkazia macho kwa sababu wana njaa, na hivyo huanza pamoja na kwisha pamoja. Mpaka leo kile kijiti cha mwongozaji huitwa baguette, na mkate huitwa baguette.

Kijana akaweka kalamu chini. "Mwalimu, ni kweli?"

Wasomaji wapenzi, hapo ndipo mahali nilipokosea. Kutunga si kosa. Kosa ni kwamba niliulizwa swali nyofu na mtu aliyeniamini, nami nikajibu, "Kweli tupu. Kaangalie kamusi."

Akaenda kuangalia kamusi ya Kifaransa. Na kweli, katika Kifaransa neno baguette ni kijiti, na ni kijiti cha mwongozaji wa wanamuziki, na ni vijiti vya kupigia ngoma, na ni mkate mrefu. Akarudi mbio, macho yanang'aa. "Mwalimu, nimehakikisha!" Uongo mzuri ndivyo ulivyo: hukodi kweli moja, ukaisimamisha mlangoni kama bawabu, na watu wakimwona bawabu amevaa vizuri hawaulizi tena nani yumo ndani. Mambo ya wavuvi nayo yalikuwa nusu kweli. Kila mtu wa Gisenyi huwaona jioni, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wakienda kwa taa kuvua sambaza, ambao ni jamaa wa dagaa wa kwetu, waliohamishwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Na kweli huimba kwa kupokezana, makasia yapate kwenda sawa. Mimi niliongeza mkate tu.

Nilidhani mambo yamekwisha. La! Kijana alimsomea rafiki yake, rafiki akamsomea dada yake, na kabla ya Jumapili habari zilikuwa zimemfikia mkuu wa mtaa. Yeye alifurahi sana. Ijumaa ya kwanza ya Agosti, ambayo mwaka ule ilikuwa tarehe 3, Wanyarwanda husherehekea Umuganura, sikukuu ya mavuno, na kila mtaa hukutana, wakala na kunywa na kutoa mambo ya utamaduni. Mkuu wa mtaa akaamua kwamba kijana asimame mbele ya watu wote, asome jinsi muziki wa dunia ulivyoanza Mbugangari. Alisema pia kwamba jambo kubwa kama hili halifai kukaa mtaani, afadhali lipelekwe juu.

Na habari hazikuishia upande huu wa mpaka. Asubuhi moja nilisikia kelele katika mstari wa mikate. Mama mmoja wa Goma, mnunuzi wa miaka mingi, alikuwa ameweka sinia chini, mikono kiunoni. "Muzee," akasema, "sisi tunanunua mukate tu. Sasa munataka kutunyanganya na rumba?" Mwingine akasema kwamba vitu vyao vyote huvuka mpaka na kurudi na majina mengine, na sasa hata muziki. Mzee hakuelewa asemalo. Kesho yake mstari ulikuwa nusu. Siku ya tatu masinia kumi na mawili ya mikate yalibaki hata mchana, nami nikaletewa mkate wangu kama kawaida, ukiwa wa moto, na sikuweza kuumeza.

Usiku ule Mzee alinijia akakaa juu ya kigogo cha kuni. Alikuwa amekwisha mwuliza mjukuu wake, na mjukuu alikuwa amejibu kwa fahari, "Mwalimu ndiye aliyenifundisha." Mimi nikajitayarisha kutukanwa. Lakini Mzee alianza kwa kucheka. Alisema jambo la panya lilimpendeza sana, na kwamba "Si unanijua?" ameisikia maisha yake yote. Kisha akanyamaza kitambo.

"Mutanzania," akasema, "weye unajua kusema. Ndiyo maana ninaogopa."

Akanieleza kwamba mwaka 1993 alikuwa akioka mikate Kigali. Mwaka ule ilianza redio iitwayo RTLM. Ilipiga muziki mzuri wa kikongomani, na watangazaji wake walijua mizaha. "Tulikanda unga tukiisikiliza," akasema. "Walisema mambo ya watu fulani, eti hawakutoka huku, eti wageni. Walisema kwa kuchekesha. Na mimi nilicheka. Usiseme kwamba sikucheka. Tulikuwa waokaji watano. Wawili walikuwa wale waliochekwa, na wao pia walijaribu kucheka." Akaokota kijiti akachora chini, kama mtu ahesabuye. "Baada ya mwaka 1994 sikuwaona tena."

Sikuwa na la kusema. Baadaye nimesoma mambo haya, nanyi mtayasoma. Hadithi ile kwamba Watutsi walitoka mbali, upande wa Ethiopia, haikutoka kwa wazee wa Rwanda. Iliandikwa na Mwingereza Speke katika kitabu chake cha mwaka 1863, naye wakati huo hakuwa amekanyaga Rwanda. Wengine wakainakili, ikafundishwa mashuleni, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakawaandikia watu kabila katika vitambulisho. Tarehe 22 Novemba 1992, pale Kabaya, ambapo wakati ule palikuwa katika mkoa wa Gisenyi huu huu, mwanasiasa Léon Mugesera alisimama mbele ya mkutano akasema kwamba watu hao watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mto. Mwaka 2016 mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha. Lakini kati ya hotuba na hukumu palikuwa na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi. Yote hayo yalijengwa juu ya habari ya asili iliyotungwa na mtu asiyejua, ikapewa bawabu mmoja au wawili wa kweli, na wanafunzi wakainakili daftarini.

Mzee hakusema mkate wangu ni sawa na hayo. Alisema tu, "Weye ulicheza. Lakini mutoto hakujua kama munacheza. Mchezo ambao mumoja hajui si mchezo." Kisha akaniambia jambo lililonitia haya zaidi. "Na haukuwa na sababu ya kutunga. Ungeniuliza. Mukate na ngoma viko, hapa kwetu, kweli kweli."

Ndipo akanieleza Umuganura wenyewe. Zamani za wafalme, nafaka mpya, mtama na ulezi, zililetwa kwa mfalme, zikapikwa umutsima, ambao ndio mkate wa Rwanda kabla ya mtu ye yote kuona ngano. Hapana aliyeanza kula mavuno mapya kwa shangwe kabla ya sherehe ile, na sherehe haikuwa sherehe pasipo ngoma. Tena katika Kinyarwanda neno ingoma ni ngoma ya kupigwa, na ndilo neno la ufalme wenyewe. Aliyetawala alisemwa kwa jina la ngoma. Mwaka 1925, wakati wa Wabelgiji, mzee mkuu wa sherehe hiyo, jina lake Gashamura, alihamishwa kwa nguvu akapelekwa Burundi, na Umuganura wa kifalme ukakoma. Katika miaka ya karibuni umerudishwa kuwa sikukuu ya taifa zima. "Ona," akasema Mzee, "walipotaka kunyamazisha ngoma, walianza na mukate."

Wasomaji, nalikuwa nimekaa mwaka mzima nyuma ya tanuri lake, nikila mkate wake, nikimfundisha mjukuu wake viambishi, wala sikumwuliza swali hata moja.

Tarehe 3 Agosti tulikutana chini ya miti. Palikuwa na vibuyu vya pombe ya mtama, maziwa kwa ajili ya watoto, viazi, maharage, na umutsima. Mkuu wa mtaa alipomwita kijana, mimi nikasimama kwanza, nikaomba ruhusa ya kusema. Kinyarwanda changu kilitosha kununua vitunguu, hakikutosha kutubu. Kwa hiyo nikasema kwa Kiswahili, na ilibidi mtu atafsiri. Aliyekuwa karibu nami, ameshika daftari lake kwa mikono miwili, tayari kusoma, alikuwa kijana. Basi aliyenitafsiria ni yeye.

Nikasema, "Habari za mkate mlizozisikia nimezitunga mimi. Si kweli." Akanitazama. Kisha akatafsiri. Nikasema, "Kijana huyu aliniuliza kama ni kweli, nami nikamdanganya. Yeye hana kosa." Akatafsiri hiyo pia, kwa sauti ndogo, neno kwa neno, bila kupunguza. Nikaeleza yaliyo kweli: kwamba rumba ya Kongo ilikua Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville, na Brazzaville ng'ambo ya mto, watu wakichanganya muziki wao na santuri za Cuba zilizouzwa Afrika tangu miaka ya 1930, kwamba Wendo alikuwa amekwisha rekodi "Marie-Louise" mwaka 1948, na kwamba askari wa mpaka wa Gisenyi hakuhusika kwa lo lote. Watu walicheka sana, na mkuu wa mtaa alicheka baada ya wote, kidogo. Kijana hakucheka. Alipomaliza kutafsiri akafunga daftari, akaenda kukaa nyuma ya nyanya yake.

Mzee alinipa adhabu mbili. Ya kwanza, kukanda unga siku saba. Ninyi mnaodhani kazi ya kalamu huchosha, jaribuni kukanda unga wa masinia arobaini saa tisa ya usiku. Ya pili, kusimama mbele ya mstari kila alfajiri nikawaambie akina mama wa Goma, mmoja mmoja, kwamba rumba ni yao. Wengine walirudi siku ile ile. Yule mama wa kwanza alikawia siku nne. Alipokuja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akadai mikate miwili ya bure kwa ajili ya kurudishiwa mali yake. Mzee alimpa, akaikata kwangu.

Lakini kijana hakuniita Mwalimu tena. Aliniamkia vizuri, akaniletea mkate wangu, akaniita Bwana. Siku kumi na mbili zilipita bila somo. Siku ya kumi na tatu alikuja na daftari, akalifungua mbele yangu. Alikuwa ameandika insha nyingine. Alikuwa amemwuliza nyanya yake, na wazee wawili wa mtaa, na mvuvi mmoja, akaandika jina la kila aliyemwambia pembeni mwa kila habari. Mwisho kabisa, chini ya mstari mnene, alikuwa ameandika kichwa "Mzaha wa Mpangaji Wetu," na hapo chini hadithi ya mkate yote, panya akiwamo.

"Nisahihishie sarufi tu, Bwana," akasema. "Habari nimezitafuta mwenyewe."

Nikasahihisha. Makosa yalikuwa matatu. Insha ilikuwa nzuri kuliko yo yote niliyoiandika mimi katika shule yetu, nami niliwahi kupata zawadi.

Niliondoka Gisenyi mwaka uliofuata, kampuni iliponihamishia Kigoma. Mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu wote, kwa maombi ya nchi mbili za Kongo, na Goma yote, nasikia, ilicheza. Wiki ile nilipata ujumbe mfupi katika simu. Haukuwa na salamu ndefu.

"Bwana," ulisema, "nimesoma walivyoandika, ukurasa kwa ukurasa, nikahakikisha. Mkate haumo."